Shira ya Keki ya Benedikta

Jumanne, 29 Machi 1983

Mama Severa kaja leo. Mama mkwe mtarajiwa wa mdogo wangu Benedikta. Kaja na kitenge kipya na pua juu. Kasema keki ya harusi wataagiza hotelini, maana sisi watu wa kusini keki zetu kavu, mtu anakula huku kashika glasi ya maji. Kayasema hayo kakaa kwenye kiti changu! Anakunywa chai yangu!

Chai haina sukari. Kaikunjia uso. Kadhani ni ufukara.

Nimemwambia, Mama, keki napika mimi Klara. Benedikta nimemlea tangu mama yetu afariki, mtoto ana miaka saba. Keki yake haitoki hotelini. Benedikta kaninyonga kwa macho, lakini ndo hivyo, nimeshasema.

Asichokijua yule mama: chini ya kitanda kuna kopo. Miezi sita kila mgao wa sukari wa duka la ushirika unaingia humo. Miezi sita mimi na Benedikta tunakunywa chai chungu kama dawa. Sukari yote hiyo ni ya tarehe kumi na sita Aprili, siku ya harusi.

Jumatano, 6 Aprili 1983

Nimejaribu keki ndogo. Imeharibika! Bi Sitara, jirani wa chumba cha mbele, mzaliwa wa Bagamoyo, kacheka mpaka kakaa chini. Nimemwaga shira, sukari iliyochemshwa na maji, ingali ya moto kwenye keki ya moto. Imekuwa uji. Tumeila kwa kijiko, na tumeimaliza.

Kanifundisha upya. Keki ikiwa ya moto, shira iwe baridi. Keki ikipoa, shira iwe vuguvugu. Sukari ikishayeyuka usikoroge tena — ukikoroga inaganda chembechembe. Ndimu kidogo. Ganda la chungwa uparue la juu tu, ule weupe unaleta uchungu.

Shikamoo zangu zote kwa Bi Sitara. Masista wa misheni walinifundisha keki, hili hawakunifundisha.

Ijumaa, 8 Aprili 1983

Redio haisemi kingine. Wahujumu uchumi, walanguzi, wanaoficha bidhaa. Huku Kariakoo watu wamechanganyikiwa. Asubuhi mtaro wa nyuma umejaa sabuni, miche mizima, mtu katupa. Kule kuelekea mtaa wa Gerezani wanasema kuna mtu katupa magunia ya chumvi. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Uwesu, anapita na mgambo wawili chumba kwa chumba.

Benedikta kanishika mkono. Dada, imwage. Analia.

Simwagi! Nimepanga foleni kwa miguu yangu. Kadi ninayo, kila mgao umegongwa muhuri. Mlanguzi gani anakunywa chai chungu?

Jumamosi, 9 Aprili 1983

Nimepika shira yote leo, mlango wazi. Sukari ya keki nimeshaichanganya na unga, iliyobaki yote sufuriani. Chupa saba tupu za bia, nimezichemsha kwanza. Tatu za chungwa na iliki. Mbili za tangawizi. Mbili za marashi ya waridi, yale ya kula, kanipa Bi Sitara. Nimeziziba kwa vigunzi vya mahindi.

Ukumbi mzima wa nyumba unanukia. Wapangaji wanapita wanameza mate. Wapite tu.

Jumatano, 13 Aprili 1983

Wamekuja.

Mzee Uwesu kabisa, mtu wa kwetu, wa Newala, aliyekula ugali humu ndani. Shikamoo. Marahaba, Ndugu Klara, tunakagua. Leo mimi Ndugu Klara! Juzi nilikuwa mwanangu.

Kopo tupu. Kanusa. Sukari iko wapi? Nikamwonyesha chupa. Kauliza nini hii. Shira. Kashika kalamu, hajui aandike nini. Mgambo mmoja kafungua moja kachovya kidole. Tamu! Basi Mzee Uwesu kaandika: chupa saba, kitu kitamu.

Nikatoa kadi. Kaisoma mbele na nyuma. Kasema mgao ni wako, hakuna ubishi. Lakini mgao ni wa kula. Ukila, sawa. Ukiutunza miezi sita, huko ni kuhodhi.

Yaani kosa langu ni kutokula! Nimemwambia hivyo hivyo. Kaniambia nipunguze sauti. Nikaongeza.

Kazibandika karatasi midomoni, kwa uji wa sembe, kila moja na muhuri wa tawi la Chama. Jumatatu saa tatu nizipeleke ofisini. Mwenyewe hakuzichukua, ofisi ina sisimizi. Karatasi ikichanika, kasema, hilo si la kwangu tena, ni la polisi.

Harusi Jumamosi. Jumatatu!

Alhamisi, 14 Aprili 1983

Nimeoka. Keki nne, za sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Unga wa mgao, mayai machache, siagi hakuna hata ya kunusa, mafuta tu. Zimeumuka vizuri, sura nzuri. Nimekata kipande cha pembeni.

Kimenikaba. Nimetafuta maji.

Mama Severa atafurahi huyo! Atakaa mbele ya ndugu zake wote wa Moshi na glasi yake mkononi. Na Benedikta ndo anaingia ukoo ule, atasimangwa mpaka mjukuu wa tatu. Nimekaa jikoni nimelia kwa hasira, si kwa huzuni.

Ijumaa, 15 Aprili 1983

Benedikta kapiga magoti. Dada, tutakula kavu, bora kavu kuliko wewe rumande. Watu wanakamatwa kweli, kasema, fundi cherehani wa mtaa wa pili hajarudi wiki. Najua. Nikisikia kiatu ukumbini nashtuka.

Nimemwinua. Nimemwambia aende akasukwe.

Halafu nikachana. Karatasi ya kwanza niliichana taratibu. Ya saba hata sikuangalia. Kutunza ni kosa? Haya, situnzi! Inaliwa!

Nimetoboa keki kwa njiti ya ufagio mpya, vitundu vidogo vidogo. Shira vuguvugu, kijiko kwa kijiko, nangoja inywe, naongeza. Ya chini chungwa na iliki. Ya kati tangawizi. Ya juu waridi. Na ile ya nne, ya wakwe, nimeichanganyia zote. Zimekunywa chupa zote saba. Ukibonyeza kwa kidole inazama na kurudi.

Bi Sitara kasimama mlangoni kaona makaratasi sakafuni. Kachukua ufagio kayafagia.

Jumamosi, 16 Aprili 1983

Naandika stoo ya ukumbi wa harusi, hapa Mnazi Mmoja, nimekalia kreti. Vidole vinanata kwenye karatasi.

Imekatwa. Benedikta kamlisha bwana harusi wake Wilbert, kisha kapiga goti kwa mama mkwe. Mama Severa katafuna. Katafuna tena. Glasi iko mezani, hakuigusa! Kafungua leso, kipande kilichobaki kakifunga, kaweka kifuani. Nilitaka kupiga vigelegele peke yangu.

Ndipo mwendesha sherehe akamwita mgeni rasmi. Mwenyekiti wa tawi hakuweza kuja, kamtuma mtu. Kamtuma Mzee Uwesu! Suti ya kaunda, beji ya Chama. Benedikta mkono ulimganda na uma hewani. Nikamwambia kwa macho: mlishe.

Kaweka mdomoni. Taya likasimama. Kanitafuta na macho ukumbi mzima mpaka kaniona. Nami nikamwangalia, sikuinama.

Nikaja huku.

Sasa yuko mlangoni. Mgambo mmoja nyuma yake, yule wa kidole. Mzee kashika sahani, haina hata chembe. Anasema, Klara, toka nje. Si Ndugu, si mwanangu. Klara tu. Usoni simsomi kama ni polisi au ni kipande cha pili, na sitamuuliza.

Namwambia asubiri, namalizia mstari. Muziki umeanza, Benedikta anacheza, anacheka, na mimi natoka.