Majumdar Wawili, Ukoo Mmoja

Jumatatu, 18 Novemba

Hakuna harusi. Aliyesema ni Shangazi Bulu, dada wa baba yake bwana harusi, Arka, kwa simu, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Maneno yake, kadiri ninavyoyakumbuka: "Bwana Nirupam, ninyi Majumdar na sisi Majumdar, hilo tulilimeza. Lakini jana kuhani kafungua karatasi zote mbili – ninyi ukoo wa Kashyap, sisi ukoo wa Kashyap! Unataka tuwaoze ndugu?"

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikiweka mezani kabla ya kujibu. Nikamwambia nitathibitisha. Akacheka. Mambo ya ukoo, akasema, hayathibitishwi kwa kupiga simu polisi kama habari zenu za gazeti.

Kadi mia tatu na hamsini zimeshachapwa. Tarehe 9 Desemba. Tukiikosa hiyo tunaingia mwezi wa Poush, na ndani ya Poush hakuna kuoana.

Binti yangu Mohor yuko kazini. Hajui. Miaka minne yeye na Arka, na hakuna aliyeuliza habari za ukoo. Ndivyo tulivyo hapa Kolkata – watu wa kisasa mpaka kuhani avae miwani.

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwambia Mohor wakati wa chai. Alicheka kwanza. "Ningejua, Baba, ningempaka alama ya kaka kwenye paji la uso sikukuu ya kaka na dada ile ya juzi!" Kisha akaacha kucheka.

Arka ameshampigia. Hatakaa mbele ya moto wa ndoa bila baba yake kuwepo. Nikasema kuna ofisi ya msajili, dakika ishirini, mashahidi watatu. Mohor akatikisa kichwa. Mwanamume anayekuja leo bila baba yake, akasema, kesho atamwambia mkewe kwamba alimnyang'anya baba. Mama yake angepata la kumjibu. Tulimzika – hapana, tulimchoma – miaka sita iliyopita. Hata neno rahisi linanikimbia leo.

Mama yangu aliuliza kwa nini simu inalia sana. Nikasema ni mambo ya gazeti. Ana miaka themanini na moja, na masikio yake ni mazima.

Jumatano, 20 Novemba

Yaliyo na hakika kuhusu jina letu, ili nisijichanganye:

Majumdar si tabaka. Ilikuwa kazi. Enzi za watawala walioandika kila kitu kwa Kiajemi, palikuwa na ofisa aliyeshika daftari kuu, lile ambamo hesabu za vijiji vyote zilikusanywa. Mshika jumla, basi. Kazi ikafa, cheo kikabaki, watoto wakakirithi kama jina. Walipewa Wabrahmin, wakapewa makarani wa tabaka la Kayastha, wakapewa Waislamu. Majumdar wawili wanaweza kuwa si ndugu hata kwa mbali. Hilo ni jema kwetu.

Baya ni Kashyap. Ila kila kuhani anajua, na wachache husema: Kashyap ni ukoo wanaoandikiwa watu waliosahau wao. Hujui? Andika Kashyap. Kwa hiyo huenda moja ya familia hizi mbili ilisahau.

Ipi? Kina Arka wana orodha ya vizazi kumi na vinne iliyofungwa kwenye kitambaa chekundu. Sisi tuna maneno ya Mama. Tangu nikiwa mdogo: "Sisi ni Majumdar wa Barisal. Babu wa babu yako alishika daftari la mtawala, la Nawab mwenyewe." Hasemi hivyo bila kuinua kidevu.

Nimewarudisha vijana wangu wa gazeti mtaani mara ngapi kwa ushahidi ulio bora kuliko huo?

Alhamisi, 21 Novemba

Nimempigia Mokhles, Barisal, ng'ambo ya mpaka. Mwandishi mwenzangu. Tulijuana kwenye kimbunga, tukagawana betri. Yeye naye ni Majumdar – Mwislamu, kizazi cha saba msikiti uleule.

"Kaka Nirupam! Hujafa bado?"

"Bado."

"Gazeti lenu, kila kitu kinachelewa."

Nikamweleza. Akasema kwenye simu yake ana kina Majumdar ishirini na kitu: daktari wa meno Agartala, mwenye kinu cha mchele Comilla, mpishi London, mpwa wake Toronto anayeendesha kundi la mtandaoni la Majumdar wa dunia nzima. Hakuna asiyetokana na mshika daftari wa Nawab. "Kama wote wanasema kweli, kaka, basi Nawab hakuwa na wakulima. Alikuwa na makarani watupu!"

Jumamosi atakwenda Shalukdanga, kijiji chetu, nyumba ya Majumdar. Akauliza, na akikuta nisichokitaka? Nikasema aniandikie kama alivyokikuta.

Rahisi kusema.

Ijumaa, 22 Novemba

Baba yake Arka, Bwana Debesh, amepiga. Mpole, sauti ya mtu anayesoma karatasi. Kikao Jumapili ya tarehe 1, nyumbani kwao mtaa wa Salt Lake, saa nne asubuhi, kuhani atakuwepo. Nilete ushahidi kwamba koo zetu ni tofauti, au tuagane kwa heshima.

Kuhani alipendekeza njia: mjomba wa Mohor ndiye amtoe kwa bwana harusi, ili ahesabiwe wa ukoo wa mjomba. Shangazi Bulu amekataa. Binti habadilishiwi baba kwa ajili ya shughuli, amesema. Kwa hilo, nakiri, tuko pamoja.

Jumapili, 24 Novemba

Mokhles alipiga saa saba mchana. Nilikuwa na kalamu tayari. Nanakili kutoka kwenye daftari langu.

Nyumba ya Majumdar imebaki ukuta mmoja na ngazi. Mzee aitwaye Yakub Hawladar, miaka 86, anaishi jirani tangu azaliwe. Anasema: katika familia ya nyumba ile hapakuwa na Haricharan. Hilo ni jina la babu yangu. Alikuwepo Hari Bhuimali – jina la tabaka la chini – mfagia ua, msawazisha udongo. Siku za kodi alibeba sanduku la madaftari kichwani kutoka mtoni hadi kwenye baraza. Alilitua ukingoni. Barazani hakupanda, hakuruhusiwa. Kina Majumdar wenyewe waliondoka mapema, wakaenda Assam. Hari aliondoka 1950, mwaka wa ghasia, na mke na mtoto mmoja wa kiume, Sudhir.

Sudhir ni jina la baba yangu. Wako Sudhir wengi.

Lakini mzee akaongeza kwamba yeye na Sudhir waliogelea pamoja, na Sudhir alikuwa na vidole sita mguu wa kushoto.

Sijawahi kumwambia Mokhles habari za vidole vya baba.

"Kaka? Uko kwenye simu?"

"Niko. Rudia jina la mzee, herufi kwa herufi."

Chanzo kimoja hakitoshi.

Jumanne, 26 Novemba

Chanzo cha pili kilikuwa dakika tano kutoka nyumbani.

Mtaa wetu walijenga wakimbizi wenyewe, kwenye ardhi waliyoivamia. Kamati iligawa viwanja na kuviandika. Daftari la kwanza limo kwenye kabati la chuma la klabu ya mtaa, na funguo anazo Kaka Poltu, anayelinda kabati hilo kama mkwe mkali.

"Mwandishi mzima, umeishiwa habari mpaka unakuja kuchokonoa mende wetu?"

"Kiwanja namba 214."

"Chako mwenyewe! Unaogopa nitakuhamisha?"

Akafungua. Akaenda kuchemsha chai, kwa bahati.

Namba 214. "Haricharan Bhuimali." Jina la pili limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake: "Majumdar." Wino uleule, mkono uleule. Pembeni: "Imesahihishwa," na sahihi ya katibu wa kamati. Nalinaksha Dastidar.

Huyo ni baba wa mama yangu.

Nimesoma mara tatu. Katibu alijua aliyekuwa mbele yake. Alijua pia kwamba kwenye orodha ile ya viwanja, kati ya kina Sen na kina Bose wa tabaka za juu, Bhuimali angeandikwa wa mwisho, karibu na mfereji. Alikata, akaandika, akatia sahihi. Na miaka kumi na moja baadaye akamwozesha binti yake kwa mtoto wa mtu yuleyule!

Nilipiga picha mbili.

Kaka Poltu alirudi na vikombe. "Umepata?" Nikasema nimepata. Akanitazama kidogo. Akasema chai inapoa.

Jumatano, 27 Novemba

Hali ilivyo. Nikisema ukweli: Kashyap haikuwa yetu, aliiandika kuhani fulani kwa mtu asiyekuwa na ukoo wa kutaja. Mohor na Arka si ndugu. Kikwazo kimekwisha. Na papo hapo Shangazi Bulu anajua kwamba baba wa babu wa bibi harusi alifagia ua na hakupanda baraza. Nikinyamaza: ni kaka na dada, tunaagana kwa heshima.

Nimemwambia Mohor jioni, varandani, yeye akikunja nguo. Nilimpa mambo kwa mpangilio, kama ninavyompa mhariri.

"Kwa hiyo si kaka yangu!" Akanishika mikono, akacheka kwa sauti. Sekunde chache tu. Kisha akachukua shati langu, akalikunja, akalikunjua, akalikunja.

"Watanitaka?"

"Sijui."

"Baba, siku zote husemi 'sijui'. Unasema 'haijathibitishwa'."

"Haijathibitishwa."

Nikauliza kama atamwambia Arka kabla ya kikao. Hapana. Nimwambie mimi, mbele ya wote. "Nataka niwe nimekaa mkabala naye. Nataka nimwone uso kabla hajapata muda wa kuupanga."

Hilo sikulitegemea. Mimi nilikuwa nahesabu shangazi. Yeye anahesabu mtu mmoja.

Alhamisi, 28 Novemba

Arka alikuja bila taarifa, na boksi la sandesh, vitamu vya maziwa, za sukari mpya ya mtende. Alimgusa Mama miguu kwa heshima, akakaa chini karibu naye. Kijana mzuri. Anasugua magoti akiwa na wasiwasi.

Na Mama akaanza! Nawab, mvua, mashua kumi na mbili, babu wa babu aliyelala juu ya daftari ili lisilowe. "Jina letu lilishika nchi nzima, mwanangu. Mtu hakulipa, hakukosa kulipa, bila sisi kujua."

"Na letu pia, Bibi," Arka akasema kwa adabu.

"Lenu lilishika vijiji vya Bikrampur tu," Mama akasema. "Kula."

Mohor alikuwa mlangoni na sinia. Hakuingia. Mimi nilitazama sakafu. Mama alisimulia vizuri kuliko siku zote, bila kukwama hata mara moja – kama mtu aliyeona, au kama mtu aliyefanya mazoezi miaka sitini. Sikuweza kujua ni ipi.

Wakati wa kuondoka Arka aliniuliza kwa sauti ya chini, mlangoni, kama nimepata kitu. Nikasema nimepata. Kizuri? Nikasema Jumapili. Alikuwa amesimama, akasugua pindo la koti badala ya magoti.

Ijumaa, 29 Novemba

Sikuuliza. Nimegonga milango ya wajane asubuhi ya pili ya msiba na kuwauliza mume alikula nini mara ya mwisho. Mama yangu yuko chumba cha pili na sikumuuliza kama alijua.

Mokhles kaandika: mzee Yakub anauliza kama Sudhir yu hai. Nimejibu kwamba alifariki 2008. Mzee kasema amwombee dua, kama hatujali. Nimejibu hatujali. Tutashukuru.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimeandika taarifa ya kesho. Sentensi nne. Nimeondoa vivumishi vyote. Picha ya daftari nimeichapisha kubwa, nakala tatu, moja ya Bwana Debesh na moja ya kuhani.

Baada ya chakula cha mchana nikampelekea Mama nakala ya tatu. Nilimwambia ni nini, imetoka wapi, Mokhles alisikia nini na kwa nani. Nilimwambia pia kwamba kesho nitaisoma, isipokuwa akinikataza.

Aliisogeza karibu na macho. Kidole chake hakikwenda kwenye jina lililokatwa. Kilikwenda pembeni, kwenye sahihi.

"Baba alikuwa na mwandiko mzuri," akasema.

"Mama, ulijua?"

"Kikao saa ngapi?"

"Saa nne."

"Yule shangazi mtu atakuwepo?"

"Ndiye atakayesema zaidi."

"Nitakuja."

Nikamwambia ni ghorofa ya tatu na lifti yao mbovu. Akasema ngazi zitakuwepo. Nikarudia swali. Akamwita Mohor ampigie pasi sari nyeupe, ile ya hariri, na mikunjo isimame.

Mohor anaipiga sasa. Nasikia mvuke.

Nilirudi mara ya tatu. Mama alikuwa amejilaza, macho wazi, nakala imelala kifuani. Nikamwambia basi angalau ajue utaratibu: kuhani ataomba dua, Bwana Debesh atafungua kikao, kisha mimi nitasoma sentensi zangu nne.

"Hapana," akasema. "Wewe usianze. Sahihi ni ya baba yangu, nitaanza mimi."

Gari litafika saa mbili na nusu.