Karanga za Dereva

Dada Neema mpendwa,

Shikamoo. Ndoa tamu, dada! Nakuandikia nikiwa Bunda, kwenye mgahawa, na mume wangu Magesa ananitazama kama hajawahi kuona mtu anakula sato wa kukaanga.

Jumapili anasafiri kwenda Oman, kazi ya umeme, mwaka mzima. Kigari chetu chekundu kinabaki na mimi, na leseni ninayo. Shida ni baba mkwe. Kwenye ukoo wao mkwe hakai karibu na mke wa mwanawe, wala hawapeani kitu mkononi. Sasa nani atampeleka kliniki Musoma?

Leo tumejaribu. Nimeendesha mimi kutoka Butiama, Magesa pembeni yangu, mzee siti ya nyuma, kofia imefunika macho.

"Magesa, mwambie mwenzako apunguze mwendo. Hao ng'ombe hawana breki."

"Nimesikia, baba," nikajibu.

"Magesa, mwambie sijaongea na yeye."

Tukacheka wote, hata yeye mwenyewe.

Tulipofika hapa mzee alishuka akanunua mfuko wa karanga. Hakunipa. Aliuweka juu ya boneti, akasogea pembeni.

"Magesa, hizo za dereva. Mwambie Jumatano ya kliniki asinicheleweshe."

Jumatano, dada! Magesa atakuwa ameshaondoka, tutabaki mimi na mzee tu garini. Karanga tumezimaliza zote, nyingine nimemlisha mume wangu.

Wabusu watoto, na ukipika wali wa nazi unikumbuke.

Mdogo wako mwenye raha zake,
Rehema