Mke Wangu Kanifichia Magongo

Bi Mwanne mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, mimi naitwa Valerian, nina karasha la kusagia mawe ya dhahabu hapa Kharumwa, na tangu nilianzishe sijui Jumapili wala sikukuu, hata binti yangu Wema alizaliwa mimi nikiwa kazini, sasa majuzi nilipanda juu ya rundo la viroba vya mawe ili vijana wanisikie vizuri ninapowafokea, nikateleza, mguu ukavunjika, nikafungwa hogo la plasta, daktari akasema nitulie nyumbani mpaka mfupa uunge. Nitulie vipi, mama yangu? Nikaita bodaboda nikaenda kazini na magongo yangu, nikakuta karasha linazunguka, vijana wanapiga kazi huku wanaimba, na msimamizi wangu Januari akaniambia mbele ya watu, "Bosi, rudi ukalale, hakujaharibika kitu tangu uondoke," roho ikaniuma, nikamrukia nimkunje shati, nikaanguka, hogo likapasuka, ikabidi nikafungwe upya.

Hapo ndipo mke wangu Sesilia alipoyaficha magongo, nikimuuliza anacheka, ananisogezea bakuli la matobolwa ya viazi vitamu, "Baba Wema, kula yasipoe," basi nashinda kwenye mkeka kama mgonjwa wa uzee, nimegundua kumbe Sesilia huimba anapofua, na Wema, aliyekuwa ananiamkia na kukimbia, sasa anakuja kuchora ng'ombe kwa mkaa kwenye hogo langu, juzi akaniuliza, "Baba, mguu ukipona utaondoka tena?" nikamwambia ndiyo, akauacha mkaa akaenda zake. Lakini la mtoto si shida, shida ni magongo. Nimpeleke Sesilia kwa wazee, au nilikate hogo mwenyewe kwa msumeno? Tena kibaya zaidi, jana nililala mchana, nikaamka nimefurahi. Huu si ugonjwa?

Valerian, Kharumwa

Marahaba, Valerian. Pole kwa mguu. Kwa hayo mengine sina pole.

Unasema roho ilikuuma. Dhahabu iliibwa? Mashine ilikufa? Wala. Kilichokuuma ni kuona kazi inakwenda bila matusi yako. Wenzako wakipata msimamizi kama Januari wanashukuru, wewe unamrukia umkunje shati, na mguu wenyewe mmoja!

Na hao wazee utawaambia nini? "Wazee wangu, mke wangu ananilisha, anacheka, na amenizuia nisivunjike tena"? Nenda, ila unitajie siku, nami nije nikae mbele nisikie. Msumeno uweke chini. Wewe unasaga mawe, mifupa si fani yako.

Hicho unachokiita ugonjwa, watu wengine hukiita kupumzika, na hawasubiri kuvunjika ndipo wakijue. Umeishi na Sesilia miaka yote hiyo hujui kwamba anaimba. Alikuwa anaimba, baba. Wewe ndiye hukuwepo.

Sasa Wema. Magongo umeyaandikia barua nzima, mtoto umempitia haraka, ukamaliza kwa kusema si shida. Soma tena ulichoandika. Binti amekusogelea kwa kuwa huwezi kuondoka, kisha ukamhakikishia kwa mdomo wako kwamba ukipona anakukosa. Nisingeshangaa kama anaomba mguu wako usipone, na simlaumu hata kidogo.

Kwa hiyo fanya hivi. Karasha mwachie Januari mpaka daktari akufungue, na ukimwona, mwombe radhi mbele ya watu walewale. Sesilia mshukuru, hata kama maneno yatakukwama. Wema mwite leo hii, usingoje kesho, umwambie ulimjibu vibaya, na kwamba ukipona Jumapili zote ni zake. Jumapili ya kwanza ikifika, zima simu, ukae nyumbani kutwa nzima. Asubuhi utajisikia vibaya, utatetemeka kama mtu aliyenyimwa pombe. Vumilia, kufika mchana huwa inapoa.