Chuma cha Marehemu Annunziata

Loreto Aprutino, 3 Machi

Mjukuu wangu Loreta,

Habari za huko kwenye barafu? Mimi mzima, ila goti, ambalo daktari amelikataza kupanda ndege. Nimemshukuru sana daktari.

Harusi isikunyime usingizi. Ferratelle mia tatu, zile kaki zetu tamu za harusi, nitazichoma kwa mkono wangu mwenyewe, kwa chuma cha kuzibania motoni cha marehemu bibi yako, ambacho kinaning'inia hapa ukutani kikimeta kama upara wa padri. Mji huu hauna mwanamke wa kunifikia.

Haya, nimeandika hayo kisha nikainua macho. Ukutani kuna msumari tu. Wala sijawahi kuchoma hata moja. Kazi yangu ilikuwa kula ile ya kwanza, iliyoungua, ambayo bibi yako alikuwa akinirushia kama mbwa. Chuma anacho shemeji Filomena, mdogo wake bibi yako. Alikibeba siku ya mazishi akisema mimi ningekifanya kizuizi cha mlango. Tangu hapo ni miaka sita hatusalimiani.

Babu yako,
Zopito


Bergen, 20 Machi

Babu, shikamoo. Lipe pole goti, nawe uache uongo.

Sindre mzima, anakusalimu. Mama yake, Gunnvor, ni mtu mwema, lakini kwenye meza ya harusi anataka keki yake ya lozi, pete kumi na nane moja juu ya nyingine. Nimemwambia kwetu bibi harusi haendi kwa mkwe mikono mitupu: anabeba sinia la ferratelle zenye herufi za kwao. Babu, kwa Sindre watajaa kanisa zima. Kwangu atakuja Mama peke yake. Hizo A na D, herufi za jina la Bibi Annunziata na la ukoo wake, zilizochongwa kwenye chuma chake ndizo zitakazokaa upande wangu.

Nenda kwa Filomena. Mpigie magoti, hata kwa lile moja zima.

Mjukuu wako,
Loreta


Loreto Aprutino, 12 Aprili

Mjukuu wangu,

Natumai hujambo. Mimi sijambo, ila heshima yangu ndiyo mgonjwa.

Nilikwenda. Nilivaa koti la misibani, nikabeba chupa ya mafuta ya zeituni. Filomena akafungua dirisha, si mlango.

"Nani kafa?"

"Hakuna. Loreta anaolewa. Na Mnorwei."

"Maskini."

"Loreta?"

"Mnorwei! Anajua anaingia ukoo wa nani?"

Nikatamka neno ambalo mdomo wangu haulijui: "Shemeji, ulisema kweli. Ningekifanya kizuizi cha mlango."

Dirisha likafungwa, mlango ukafunguka. Chuma kilikuwa mezani kimepakwa mafuta, hakina kutu hata chembe. Miaka sita yote alikuwa akikifuta kila Jumamosi.

Nimekipeleka posta. Karani alikipima mara mbili akidhani ni silaha. Kipashe moto, tia kijiko cha unga uliokorogwa, bana. Salamu Maria moja upande huu, geuza, nyingine upande wa pili. Saa usiiguse.

Babu yako,
Zopito


Bergen, 4 Mei

Babu, shikamoo. Afya njema, nyusi zimepungua.

Chuma kimefika, nikakibusu, kisha kikaniaibisha. Nilisali taratibu, kila neno, kama nilivyofundishwa na padri nilipokuwa mdogo. Zikatoka mkaa. Sindre naye akajaribu. Yeye Mlutheri, Salamu Maria haijui, akasali Baba Yetu yao, ndefu kama masika yasiyokatika. King'ora cha moshi kikalia, jengo zima likateremka ngazi.

Gunnvor ameshanunua lozi. Harusi ni tarehe 30. Nifanyeje?

Loreta wako


Loreto Aprutino, 11 Mei

Loreta,

Hali tutajuliana baadaye. Nani kakuambia usali? Bibi yako hakusali, alitimua mbio! Nimekwenda kwa Filomena (siku hizi nafunguliwa mlango), nikamwambia, "Isome kama dada yako." Akavuta pumzi. Nikasikia "Salamu", nikasikia "Amina", katikati palipita upepo.

Padri wa zamani alimwonya Annunziata kuwa sala za namna hiyo hazifiki mbinguni. Akamjibu, "Hazikutumwa mbali, Padri. Zinaishia kwenye meko."

Sali kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Sindre mfunge mdomo.

Babu


Loreto Aprutino, 16 Juni

Mjukuu wangu, sasa mke wa watu,

U hali gani? Na huyo mwizi aliyeniibia mjukuu, hajambo? Sisi wazima. Nasema sisi kwa sababu Filomena huja kila Alhamisi, anaitukana divai yangu na kuimaliza.

Picha imefika. Sinia tupu! Na Gunnvor, keki yake imesimama nyuma haijaguswa, ana makombo kidevuni, ameshika ya mwisho yenye A na D kama mtu aliye tayari kupigana. Filomena alicheka, akalia, akanipiga begani kana kwamba mimi ndiye niliyemliza. Anasema chuma kibaki kwako. Picha tumeitundika kwenye ule msumari.

Ila kuna haki yangu moja umeikalia. Ile ya kwanza, iliyoungua, ni ya Zopito. Imekuwa yangu miaka arobaini na saba, na mwezi uliopita umechoma nyeusi tele bila kunikumbuka. Nitilie moja kwenye bahasha. Hata ikifika makombo.

Babu yako