Nyaya mbili za gitaa la kaka

Kasongo, Alhamisi

Mgongo unaniuma. Tangu nitoke shule nimemshikia kaka Ramazani gitaa lake la besi. Jumamosi anapiga harusini, lakini tangu afunge kinasa cha pili chini ya nyuzi, sauti imekuwa nyembamba kama ya mbu. Wenzake wanataka kumwita mpigaji mwingine.

Nilimwambia labda nyaya za kinasa kimoja zimegeuka, zinavutana na za kingine, kama betri za tochi zilizowekwa kinyume alizotuonyesha masera, mtawa anayetufundisha.

"Mutoto ya masera, leo uko fundi?" akacheka.

Alikuwa amechoka kubisha. Akazigeuza, akapiga uzi mnene. Sahani za mama zikatetemeka.

Hakunishukuru. Alisema tu, "Kesho ukitoka shule usikawie. Radio ya baba nayo haisemi."