Siku Nalipomkabidhi Mwanakuu Ofisini

Kuze, Mji wa Kale,
Mombasa.
17 Novemba 1996

Mpendwa mwanangu Mwanaesha,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ami yako nishatimiza miaka themanini na miwili, na bado naandika bila miwani maadamu jua lipo. Nimezika wake wawili, nimemzika baba yako aliyekuwa mdogo wangu, nimemzika binti yangu Mejumaa, na mafundi wa chokaa wote nalioanza nao kazi hakuna aliyebaki ila mimi. Vita vya Wazungu vyote viwili vimenipita, vya kwanza nikiwa mchanga, na Mzungu mwenyewe akafunga mizigo akaenda zake nikimtazama.

Wewe u hali gani? Mumeo Bwana Hilali je, kifua chake kimetulia? Watoto hawajambo? Sisi huku twamshukuru Mungu. Mvua za vuli zimeanza na paa la nyuma lavuja, lakini ukuta haujanyonya hata tone, maana ukuta ule naliupiga chokaa kwa mkono wangu mwaka uliozaliwa wewe. Hawapigi hivyo tena.

Sasa nisikilize, kuna jambo limenitatiza na humu mtaani hakuna wa kunifahamisha. Wewe umekaa ofisini huko Maskati miaka mingi, utajua.

Ni habari za Mwanakuu, yule mtoto aliyeachwa na Mejumaa. Amekuwa msichana wa miaka ishirini, yuwasoma chuo cha ufundi, kuchora majumba. Tangu mwaka jana kila Jumamosi huenda kwenye ofisi moja hapa karibu inayopima nyumba za kale ili zitengenezwe. Hushika tepu, hupanda ngazi, huandika vipimo. Hawamlipi, alijitolea mwenyewe. Mimi nalidhani ndiyo kazi keshapata, na barazani naliwatangazia watu wote.

Kumbe sivyo. Mwezi uliopita chuo kiliwaambia kila mmoja atafute mahali pa kufanya mafunzo ya kazi miezi mitatu, na asiyepata atarudia mwaka. Mwanakuu akasema ataiomba ofisi ile ile izigeuze Jumamosi zake ziwe ndiyo mafunzo. Nikamuuliza, "Wewe si uko humo humo? Wabisha hodi nyumba ambayo ushaketi ndani?"

Akanambia, "Babu, sasa nipo kama mgeni. Nataka niwe na mtu wa kunifundisha, kazi yangu ijulikane ni ipi, na daftari langu litiwe sahihi kila wiki."

Sikufahamu. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyefahamu.

Akakaa siku mbili akiandika kila nyumba aliyoipima, kumi na tisa, na michoro yake akaipanga. (Nyumba moja alikosea unene wa ukuta, nikamrekebisha nikiwa nimelala kitandani, maana ukuta ule naujua.) Akampelekea mkubwa wa pale, Bwana Kenneth Mumo, Mkamba, kijana mwenye adabu zake. Akaambiwa nafasi ni moja na walioomba ni watano. Jibu ni Ijumaa.

Hapo, mwanangu, moyo uliniuma. Mtoto ameenda peke yake kujiombea fundi, kama asiye na wakubwa. Wewe wajua kwetu ilivyokuwa. Mimi nalipokuwa na miaka kumi na mitatu, marehemu baba alitwaa sinia la halua na dele la kahawa na kikoi kipya, akafuatana na wazee wawili, wakanipeleka kwa Fundi Shee. Ikasomwa Fatiha, Fundi Shee akala kipande cha kwanza, na tangu siku ile nalikuwa wake, kunifunza na kunipiga. Hakuna karatasi. Na ufundi wangu Mombasa nzima yaujua.

Basi Jumatatu nikaenda Biashara Street nikanunua kikoi kizuri, nikachukua halua ratili nne, nikawaita Kavumbi muuza kahawa na maalimu wa madrasa yetu. Mwanakuu alikuwa chuoni, sikumwambia. Tukaingia ofisini na sinia letu. Bwana Kenneth akatukaribisha vizuri, nikamweleza kwamba tumekuja kumkabidhi mtoto. Nikalifunua sinia.

Mwanaesha, yule mtu alisimama kama aliyeona nyoka. Akaenda akafungua mlango wazi, watu wote wa nje watuone.

"Mzee," akasema, "tafadhali lichukue. Nikilipokea hili, watasema nafasi imenunuliwa kwa halua."

Kuna karani pale, Mapenzi, mtoto wa Kaloleni, akajaribu kumwelewesha. "Bwana, hawa wazee hawahongi. Mtoto hupelekwa hivi."

"Na wale wanne wengine, wao wameleta nini?"

Nikamjibu mimi mwenyewe. "Hawakuleta kitu kwa sababu hawana wazee."

Maalimu akanivuta kanzu. Lakini mimi sinia la kumkabidhi mtoto sirudi nalo. Likirudi maana yake mtoto amekataliwa, na kila atakayeliona njiani atajua. Nikaliacha mezani, nikatoka.

Hatujamaliza hata kikombe kimoja barazani, twamwona Bwana Kenneth yuwaja, na tai yake shingoni, amelibeba sinia mwenyewe kwa mikono miwili. Kutoka ofisini hadi Kuze. Wanawake wamuuliza madirishani, "Bwana harusi, waoa mlango wa nani?" Na watoto nyuma yake. Jasho lamtoka. Akaliweka mbele yangu, kahawa akaikataa, akaketi.

"Mzee, huyu binti kazi yake ni nzuri," akasema. "Lakini makarani wote wameona. Sasa hata nikimchagua kwa haki, itakuwa ni halua. Niandikie barua kwamba ulikuja kwa akili yako, yeye hakukutuma, na kwamba ulikosea. Nitaitia kwenye faili pamoja na maombi yake, na wakubwa wangu ndio wachague. Bila hiyo nitamwondoa."

Nikamwambia siandiki. Nimekosea nini? Kuheshimu?

Kavumbi akasema, "Andika tu, ewe, halua yenyewe tutaila sisi." Na kweli waliila, mimi sikuonja.

Mwanakuu alipojua hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliketi kwenye ngazi na mkoba wake hajautua, akasema, "Mwaka mzima, Babu, nimepanda ngazi za watu ili nionekane kwa kazi yangu. Sasa nitaonekana kwa sinia." Basi. Jumanne akaniletea chai, Jumatano akaniletea chai, neno hakuna. Usiniulize siku mbili zile zilikuwaje. Nalimfikiria mamake, alivyokuwa akinyamaza vivyo hivyo.

Alhamisi baada ya alasiri nikaenda ofisini na Kavumbi. Bwana Kenneth hakuwapo. Mapenzi akasema atapiga chapa yeye, mimi nitie dole gumba. Nikamwambia, "Binti, mimi si mtu wa dole gumba." Akanipa kalamu. Nikaandika kwamba mimi fundi mkuu wa chokaa Mombasa nalikwenda kwa hiari yangu. Nikaandika Mwanakuu hakujua. Lile neno la mwisho likanishinda. Nikamuuliza Mapenzi kama haitoshi kuandika kwamba sikujua desturi ya ofisi.

"Haitoshi, mzee. Huyo ni mjukuu wako au ni wangu?"

Nikaandika. 

Ijumaa baada ya swala Mwanakuu akarudi na barua. Wakubwa wamemchagua yeye. Aliingia mpaka chumbani kwangu akanibusu mkono, akalia, akanisomea. Kuanzia kesho Jumatatu, miezi mitatu, atafundishwa na Bwana Kenneth, atapima na kuchora kuta, na daftari litatiwa sahihi kila wiki.

Nikamuuliza, "Mshahara?" Hakuna. "Meza je?" Ile ile. "Na tepu?" Akacheka. Tepu ile ile.

Sasa nifahamishe, mwanangu. Alikuwa yuwafanya kazi bure, ameomba, amelia, amekonda, na sasa atafanya kazi ile ile bure. Amepata nini? Yeye asema amepata kila kitu, na mimi nikimtazama uso naona ni kweli, lakini kitu chenyewe sikioni. Na lingine: mtu apelekewe heshima, aitwe mla hongo, na mwenye kuipeleka ndiye aandike kuwa amekosea. Kama huko Maskati pia ni hivyo, nambie nijue dunia imegeuka yote, si Mombasa peke yake. Kosa langu ni sinia, au ni kutomuuliza Mwanakuu kwanza? Hili la pili limeanza kunijia, lakini usimwambie.

Nisalimie Bwana Hilali, mwambie anywe maji ya tangawizi. Nisalimie wanao, Munira na nduguye. Mwanakuu yuwakusalimu na atakuandikia mwenyewe akipata nafasi. Mungu akuweke, akupe afya, na akurudishe Kuze nikiwa hai, maana sina haraka ya kuondoka.

Ni mimi ami yako nikupendaye,
Fundi Athmani bin Kombo

Najua hutaamini kwamba mkono wangu uliandika "nimekosea". Muulize Kavumbi, alikuwa amesimama nyuma yangu. Muulize Mapenzi, yeye ndiye aliyeishikilia karatasi isitikisike. Na Bwana Kenneth anayo kwenye faili.