Njia ya Mzee Kobelo

Kosmasi, mume wangu mjukuu,

Marahaba. Huku Mgeta tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Unauliza kama ni haki mtu ajenge barabara kwa fedha zake, halafu awatoze wapitaji. Nilipokuwa msichana, njia ya kushukia sokoni ilikuwa nyembamba, tukisongamana na matenga kichwani mpaka mboga zinanyauka. Mzee Kobelo akauza mbuzi wake wote, akaweka vibarua, akachimba njia nyingine pana. Akalaza gogo mwanzo wa njia, akakaa hapo akidai ushuru: kila tenga, kabichi moja.

Tukapata ujanja. Kwetu ni mwiko mwanamume kukutana na mama mkwe njiani, basi tukamtanguliza mama mkwe wa Kobelo. Kobelo akimwona anajificha kichakani, nasi tunapita bure.

Masika yakaibomoa njia. Asubuhi moja tulimkuta Kobelo peke yake na jembe, akifukia mashimo. Kumwona mkwewe, akakimbilia kichakani kama kawaida. Yule mama alilitazama lile jembe. Akashusha tenga, akaweka kabichi juu ya gogo, akaendelea na safari.

Hakuwepo wa kutudai. Mmoja mmoja, tukashusha matenga.

Bibi yako,
Skolastika